Tujifunze Kompyuta, Tusinunue Vyeti

Kumezuka biashara mpya katika miji yetu, nayo inashamiri kila uchao. Ni biashara ya vyeti vya kompyuta. Matangazo yake yamejaa katika simu za vijana: jifunze kwa wiki sita uwe mtaalamu, lipa leo kwa nusu bei, kesho bei inapanda, kazi inakungoja, mshahara mnono, tena kwa dola. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na ambaye hajapata pa kushika, au karani anayetaka kujiendeleza, anakopa kwa mjomba, anauza mbuzi wa mama yake, analipa. Baada ya wiki sita anakabidhiwa karatasi yenye nakshi za dhahabu na jina lake limeandikwa kwa madaha. Mwambie basi aandike programu ndogo ya kupanga majina ya wanachama wa chama cha ushirika kwa kufuata alfabeti. Atakutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini linalosikitisha si kwamba wachuuzi wapo, kwani wachuuzi hawajapata kukosekana duniani. Linalosikitisha ni kwamba elimu ya kweli ya sayansi ya kompyuta, ile ile inayofundishwa katika vyuo vikuu vyenye sifa kubwa, imewekwa wazi katika intaneti bila malipo, na vijana wetu wanapita kando ya ghala la nafaka wakienda kununua makapi. Makala haya yana shabaha moja: kuzitaja kozi hizo kwa majina, kueleza kwa nini zinafaa, na kuonyesha kwamba hazitatufaa kitu kama hatutajipanga kuzisoma kwa jasho na kwa pamoja.

Kwanza tukumbushane jinsi mlango huu ulivyofunguliwa. Mwezi Aprili 2001, chuo cha Massachusetts Institute of Technology cha Marekani, kijulikanacho kwa kifupi kama MIT, kilitangaza kwamba kitaweka maandishi ya masomo yake katika intaneti ili mtu yeyote ayasome bure. Leo hazina hiyo ina masomo zaidi ya 2,500. Mwaka 2003 India, nchi iliyokuwa na mamilioni ya vijana na uhaba wa wahadhiri, ilianzisha mpango wake iliouita NPTEL, ambamo vyuo vyake vikuu vya teknolojia hurekodi mihadhara na kuitoa kwa taifa zima. Mwaka 2011 wahadhiri wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walitoa kozi ya akili unde kutoka Chuo Kikuu cha Stanford kwa njia ya intaneti, wakaandikishwa watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata zikaanza Coursera na edX, na ulimwengu ukaambiwa kwamba sasa elimu ya juu imefika katika kila nyumba.

Hazikupita siku nyingi kabla fedha hazijaanza kuongoza jahazi. Shirika la edX, ambalo MIT na Harvard walilianzisha bila nia ya kuchuma faida, liliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya biashara iitwayo 2U kwa dola milioni 800. Mwezi Julai 2024 kampuni hiyo ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Mengi yaliyokuwa wazi mwanzoni yamefungiwa nyuma ya malipo. Hapa pana funzo la kwanza kwa msomaji: shika kozi, usishike duka linaloiuza. Duka hufilisika, hubadili bei, hubadili mwenye nalo. Kozi nzuri hubaki na mwalimu wake, na aghalabu huwa na makao yake yenyewe nje ya duka.

Sasa, mtu atapambanuaje kozi ya maana na kozi ya upuuzi? Yapo maswali matatu yanayotosha. La kwanza: je, kozi hii inakudai kazi? Kozi ambayo mwanafunzi hutazama video tu na kubofya jibu sahihi kati ya manne ni sinema, wala si elimu. La pili: je, inafundisha misingi au inafundisha mtindo wa msimu? Vifaa vinavyosifiwa mwaka huu vitasahauliwa baada ya miaka mitano, lakini namna kumbukumbu ya kompyuta inavyofanya kazi haitasahauliwa. La tatu: je, mtu asiye na fedha aweza kuifikia hatua ya mwisho, mazoezi yake yakasahihishwa, bila kutoa hata senti moja? Kozi isiyojibu ndiyo kwa maswali yote matatu, msomaji na aiache ilipo.

Ya kwanza ninayoipendekeza ni kozi ya Chuo Kikuu cha Harvard iitwayo CS50, ambayo David Malan amekuwa akiifundisha tangu mwaka 2007. Huanza na mtu asiyejua lolote, akipanga vipande vya rangi katika lugha ya watoto ya Scratch, kisha humtumbukiza katika lugha ya C, ambayo haimwonei mtu huruma. Hapo ndipo wengi hukimbia, na hapo hapo ndipo elimu inapoanza. Katika zoezi moja mwanafunzi hupewa yaliyomo katika kadi ya kamera ambayo picha zake zimefutwa, naye huandika programu ya kuzifufua picha 50 kwa kusoma baiti moja moja. Katika zoezi jingine huandika programu ya kukagua tahajia inayobeba kamusi ya maneno 143,091, akapimwa si kwa usahihi tu bali hata kwa kasi. Baadaye hufika kwenye Python, hifadhidata na tovuti. Mashine husahihisha kazi yake papo hapo, na akimaliza kwa kiwango kinachotakiwa, kozi yenyewe humpa cheti bila malipo. Anayelipia cheti cha kozi hii katika duka analipia karatasi ya pili.

Ya pili ni kozi za programu za Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ambazo zimekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2012. Kwanza kwa lugha ya Java, na sasa kwa Python pia. Kwa mwananchi wa kawaida wa kwetu kozi hizi zina fadhila kubwa: sehemu kubwa ya mafunzo yake ni maandishi, si video. Anayejua bei ya bando anaelewa maana ya jambo hilo. Mazoezi yake ni mengi, madogo madogo, yanayopanda ngazi kwa ngazi kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu. Tena, huko Finland mtu aliyefaulu vizuri katika kozi hiyo aliweza kupata nafasi ya kusoma sayansi ya kompyuta chuoni hapo. Yaani chuo kilisema: tuonyeshe kazi yako, nasi tutakupokea.

Ya tatu ni kozi ya algorithimu, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo, ya Robert Sedgewick na Kevin Wayne wa Chuo Kikuu cha Princeton. Ina sehemu mbili, nayo hutumia lugha ya Java. Humo mwanafunzi hujifunza namna ya kupanga, ya kutafuta, ya kupata njia fupi kati ya mahali na mahali, na namna ya kubana maandishi yachukue nafasi ndogo. Asiyejua mambo haya huandika programu inayokwenda vizuri kwa majina kumi na kukwama kwa majina milioni moja. Jambo la kushangaza, na ambalo wachuuzi wa vyeti hawapendi lisikike, ni kwamba kozi hii haitoi cheti chochote.  Hata hivyo ni mojawapo ya kozi zinazoheshimiwa kuliko zote katika fani hii. Naomba msomaji alitafakari hilo kidogo kabla ya kuendelea.

Ya nne ni ile ya Noam Nisan na Shimon Schocken ijulikanayo kama Nand to Tetris. Mwanafunzi huanza na lango moja dogo la umeme, linalojua kujibu ndiyo au hapana tu. Kwa malango hayo huunda kikokotozi, kisha kumbukumbu, kisha ubongo wa kompyuta. Juu yake huandika programu ya kutafsiri lugha ya kuandikia programu kuwa lugha ya mashine, na mwishoni mfumo endeshi. Kazi yote hiyo, yenye hatua 12, hufanyika ndani ya programu ya maigizo isiyouzwa, bila kununua hata waya mmoja. Aliyemaliza safari hiyo hawezi tena kutishwa na mtu anayeizungumzia kompyuta kama mganga anayezungumzia tunguri.

Baada ya hizo nne ndipo mtu achague tawi. Anayetaka hifadhidata na amtafute Andy Pavlo wa Carnegie Mellon, ambaye mihadhara yake yote iko wazi. Anayetaka hisabati ya fani hii, MIT inalo somo lake. Na kila mmoja, tawi lolote alilochagua, na apitie kozi fupi ya MIT ya mwaka 2020 iitwayo The Missing Semester, inayofundisha vifaa vya kila siku ambavyo vyuo vingi husahau kuvifundisha. Lakini asirukeruke. Wako vijana ambao kila mwezi huanza kozi mpya, wakijadiliana usiku kucha kama Python ni bora kuliko Java, na mwaka unakwisha hawajaandika programu moja iliyokamilika. Mchagua jembe si mkulima.

Yapo mabishano yanayoletwa dhidi ya haya, nayo yafaa yajibiwe waziwazi.

Wapo wanaosema: ya nini kuhangaika, na siku hizi akili unde inaandika programu yenyewe? Hoja hii ina sura ya kisasa lakini ndani yake mna uvivu wa zamani. Ni kweli mashine inaandika. Lakini programu inayopima dozi ya dawa hospitalini au inayogawa malipo ya pamba kwa wakulima ikikosea, mashine haitaitwa mbele ya mkutano kujieleza. Ataitwa mtu. Na mtu asiyeweza kusoma kilichoandikwa atawezaje kujua kama ni sahihi? CS50 yenyewe imetuonyesha njia: tangu mwaka 2023 huwapa wanafunzi msaidizi wa akili unde anayewaongoza kwa maswali bila kuwafanyia kazi, na huwakataza kutumia mashine zinazowaandikia majibu. Wenye mashine wanawakataza watoto wao wasiiegemee kabla ya kujua kusimama. Sisi tunaambiwa tuiegemee tangu siku ya kwanza!

Wapo wengine wanaosema kwamba hizi ni kozi za mataifa makubwa, na kuzifuata ni kujitia kasumba. Hawa nia yao yaweza kuwa njema, lakini wamekosea mahali pa kuelekeza hasira. Neno algorithimu lenyewe linatokana na jina la al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Elimu hii haikuzaliwa Boston wala haina mwenye hati miliki ya ndiyo na hapana. Utegemezi haumo katika kujifunza kwa wengine. Umo katika kununua mashine ambayo hakuna miongoni mwetu anayejua ndani yake mna nini. Nchi yetu ilikwisha kuonja hilo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina katika mashine hizo kuvurugika. Mashine ilitangulia, mafundi wakafuata nyuma. Leo marufuku hiyo haipo, mashine zimo hata mifukoni mwetu, lakini swali ni lile lile: nani mafundi wake? Taifa linalotumia programu za wengine bila kuwa na watu wa kuzifungua na kuzichunguza ni kama mpangaji asiyeruhusiwa kuingia jikoni.

Kuhusu lugha, ni kweli kozi nilizozitaja zinafundishwa kwa Kiingereza, na hicho ni kikwazo. Lakini kikwazo huondolewa kwa kazi, si kwa manung'uniko. Chuo Kikuu cha Helsinki kilipotoa mwaka 2018 kozi ya mwanzo ya akili unde kwa raia wa kawaida, iitwayo Elements of AI, haikuchukua muda mrefu kozi hiyo ikatafsiriwa kwa Kiestonia, lugha yenye wasemaji wapatao milioni moja tu. Kiswahili kina wasemaji makumi ya mamilioni. Kama Kiestonia kinaweza kulibeba somo hilo, sisi tunaokienzi Kiswahili majukwaani hatuna pa kujificha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba watu wengi huzianza kozi hizi na wachache mno huzimaliza. Hili ni kweli tupu. Kozi ya kwanza ya MIT ya namna hii, iliyofundishwa mwaka 2012, iliandikisha watu wapatao 155,000. Waliofaulu walikuwa 7,157. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, uliochunguza kozi za MIT na Harvard, ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017/18 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 ya wote walioandikishwa. Tena wengi wa wanafunzi walitoka katika nchi tajiri. Basi ahadi ya kwamba kufungua mlango kunatosha ilikuwa ahadi ya uongo. Mlango uko wazi, lakini mtu mmoja mmoja, usiku, peke yake, mbele ya zoezi lililomshinda, hufunga mashine akaenda kulala, na kesho haifungui tena.

Je, dawa ni nini? Dawa tunayo, na tuliipata kabla intaneti haijazaliwa. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Mwalimu alikuwa mbali, katika redio. Lakini msikilizaji hakuachwa peke yake. Palikuwa na vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo, na vijitabu vya kusomea. Na baada ya kusikiliza watu walijadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Kilichochimba ni kikundi.

Mambo matatu yale yale, mwalimu wa mbali, kikundi cha karibu na kazi ya mikono, ndiyo yanayohitajika leo. Vijana wanane katika kata moja, wenye kompyuta mbili kuukuu zenye uwezo wa kufungua intaneti, wanaweza kuimaliza CS50 kwa miezi minne wakikutana mara mbili kwa wiki, na kila mmoja akatenga saa 10 au zaidi kwa wiki za kazi yake mwenyewe. Simu yafaa kwa kusoma na kutazama. Mazoezi yanahitaji kibao cha herufi. Mmoja apakue mihadhara mahali penye intaneti nafuu, wengine wanakili; si wizi, kwa maana leseni za MIT na za CS50 zinaruhusu kunakili na kugawa pasipo biashara. Mmoja aeleze somo kwa Kiswahili, na atakayeeleza ndiye atakayeelewa kuliko wote. Kila mtu aandike programu yake mwenyewe, kisha aisome mbele ya wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini mzigo huu usitupwe juu ya vijana peke yao. Maktaba zetu, vituo vya elimu ya watu wazima na shule zenye vyumba vya kompyuta vinavyofungwa kwa kufuli ifikapo saa tisa na nusu alasiri, zina wajibu wa kufungua vyumba hivyo jioni. Chumba cha kompyuta kilichofungwa ili kompyuta zisichakae ni ghala la vyuma. Vyuo vikuu vyetu navyo havina budi kuiga mfano wa Helsinki: vimruhusu mtu aliyezimaliza kozi hizi kufanya mtihani mbele ya wasimamizi, na akifaulu ahesabiwe alichokijua. India imekuwa ikifanya hivyo kupitia NPTEL: masomo bure, mtihani katika kituo kwa ada ndogo. Hakuna linalotuzuia isipokuwa mazoea.

Na waajiri, wa umma na wa binafsi, wasijifanye hawamo. Wao ndio wanaoilisha biashara ya vyeti. Anayeandika katika tangazo la kazi kwamba anataka vyeti vitano, kisha akamwajiri mtu bila kumpa hata zoezi la saa mbili, amemfundisha kila kijana nchini kwamba karatasi ina thamani kuliko ujuzi. Mpeni mwombaji kompyuta, mpeni tatizo halisi la ofisi yenu, mkae mtazame. Siku waajiri watakapoanza kufanya hivyo, wachuuzi wa wiki sita watafunga maduka yao wenyewe bila kuamriwa na mtu.

Ndugu msomaji, si kila kitolewacho bure ni duni, wala si kila chenye nakshi za dhahabu ni elimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kozi zipo, majina yake nimeyataja, na gharama yake halisi si shilingi bali ni jioni nyingi za kazi ngumu. Tafuta wenzako saba. Chagueni moja. Anzeni wiki hii, wala msiachane njiani mpaka programu ya mwisho ifanye kazi.